Lekchara humwelewi, au ushamkatia tamaa kabla hajamaliza salamu?

Mwaka wa kwanza chuoni Dar tulipewa lekchara wa takwimu ametoka India. Dakika kumi tu, benchi za nyuma watu washaanza kuangaliana, mmoja akanong'ona "hapa tumepatikana", mimi nikafunga daftari kabisa. Kila saa "wariensi, wariensi", nikawa najiuliza ndo nini hicho mbona kwenye desa hakipo, kumbe ni variansi, kile kipimo cha namna data zilivyotawanyika, v yake inatoka kama w basi. Testi ya kwanza nikapata 9 kati ya 30 na lawama zote nikamtupia yeye.

Sasa kuna kitu kilinisuta. O-level fizikia tulifundishwa na Mmarekani, wale wa kujitolea wa Peace Corps, na yule ndo alikuwa anameza maneno jamani, maji anayaita "wora". Tulikuwa hatuambulii hata nusu. Ila hakuna aliyesema mwalimu mbovu, tulisema Kiingereza chetu ndo kibovu, tena tukawa tunamuiga kwa mapozi. Huyu Mhindi tulimuiga ili tumcheke.

Mwaka 1992 Donald Rubin wa Chuo Kikuu cha Georgia, Marekani, alichapisha utafiti kuhusu hili. Wanafunzi walisikilizishwa mhadhara uliorekodiwa na mtu wa Ohio, Kiingereza ndo lugha yake ya kuzaliwa, ila wengine wakawekewa picha ya mwanamke Mzungu, wengine ya mwenye sura ya Kiasia. Waliowekewa ya Kiasia wakasikia lafudhi ya kigeni na wakashika somo kidogo kuliko wenzao. Sauti ileile!

Kwa hiyo fanya hivi, hamia mbele umwone mdomo, na mada isome usiku uliotangulia maana neno unalolitegemea hata likija limepinda utalidaka. Mimi nyuma ya daftari niliandika maneno yake, wariensi, wekta, na kufika wiki ya tatu sikuwa na jipya la kuongeza. Likikushinda kabisa mwombe aliandike ubaoni, hachukii.

Halafu siku moja mwenzetu akauliza swali kuhusu "sampo". Lekchara akasema sorry? Sampo. Sorry? Sampo! Mara tatu, darasa zima kimya hatuelewi shida iko wapi, mpaka akanigeukia mimi wa benchi la mbele, ikabidi nimtafsirie, "sample", Kiingereza kwenda Kiingereza.