Ipe sauti jina kabla hujagusa taimlaini

Kuna mahojiano ya video niliediti siku mbili nzima kwenye taimlaini, yaani ule mstari wa kupangia klipu, ndo nikaja kugundua sauti yote niliyotumia ni ya kamera, ile ya mbali yenye mwangwi, wakati maiki ya kwenye shati ilirekodi safi kabisa na faili lake limekaa tu kwenye folda linaitwa REC0004. Sasa nani atajua REC0004 ni nini??

Siku hizi nakopi kadi ya kumbukumbu yote kama ilivyo, nakopi tena kwenye diski nyingine, ndo naanza kubadili majina, na nabadili KABLA ya kuimpoti, yaani kuyaingiza kwenye programu ya kuediti, maana ukibadili baadaye programu inatafuta lile jina la zamani, hailioni, unafungua projekti unakuta klipu zimekuwa nyekundu tupu. Jina ninalolipa faili linaanza na tarehe, mwaka mbele ili yajipange yenyewe, halafu nani anaongea, halafu maiki gani. Mfano 20240312_mgeni_shati. Kuna rekoda ukishafomati kadi zinaanza tena namba 0001, ukimwaga kadi mbili folda moja bila kuangalia unaweza kufuta kazi ya asubuhi kwa kazi ya mchana.

Ila panapowachanganya wengi ni chaneli, zile njia za sauti ndani ya faili moja. Kamera inaingiza maiki mbili, ya shati chaneli 1 na ya bumu (ile ya kwenye fimbo ndefu) chaneli 2, programu ikiziona inadhani ni stereo, matokeo yake mgeni anaongea sikio la kushoto na bumu iko kulia. Kwenye programu ya Premiere Pro nenda kwenye klipu ikiwa bado kwenye bin (folda la klipu ndani ya programu), raiti kliki, Modify, Audio Channels, uzifanye mono mbili, kila maiki isikike yenyewe masikio yote. Fanya mapema, kwa sababu klipu ambayo tayari iko kwenye taimlaini haitabadilika. Kwenye DaVinci Resolve, programu nyingine ya kuediti, utaikuta Clip Attributes. Na muulize aliyerekodi, maana wengine chaneli 2 wanaweka maiki ileile ila imeshushwa kidogo kama akiba, mtu akicheka kwa nguvu ya kwanza ikapasuka unachukua ya pili. Mi niliwahi kuziacha zote mbili zinapiga pamoja, yaani akiba yenyewe ikawa haina kazi, kila kicheko kinakwaruza.

Traki, zile safu za sauti kwenye taimlaini, nazo nazipa majina na rangi, wanaoongea juu, mazingira katikati, mziki chini kabisa, mpangilio uleule kila projekti. Sauti ya kamera naizima tu, siifuti, bado naihitaji kuoanisha na rekoda hasa kama hakuna aliyekumbuka kupiga kofi mwanzoni (ule mlio ndo alama ya kuoanishia). Rekoda iwekwe sample rate (kipimo cha kurekodi sauti) ya 48 kHz kama video, basi.

Halafu lile faili la sekunde 30 ambalo hakuna anayeongea, ni ukimya wa chumba, la kuzibia mapengo ukishakata maneno. Liandike ukimya_chumba hapohapo. Mi la kwangu nililifuta, nilidhani mtu kasahau kuzima rekoda.