Ukiitwa kambi ya Muay Thai, nguvu ijenge hapa hapa Arusha

Siku katika kambi ya Muay Thai, mchezo wa kupigana wa Kithai wa ngumi, mateke, viwiko na magoti, nchini Thailand huanza saa 11 na nusu alfajiri, kwa mbio za kilomita 8 hadi 10. Inafuata kamba, shedo (kupigana na kivuli), padi (ngao za mkononi anazoshika mwalimu) raundi 3 hadi 5, begi, kukabana shingo kwa shingo dakika 20 au 30, magoti 100 au 200 kwenye begi, kisha mazoezi ya tumbo. Watu wanakula, wanalala, na saa 9 au saa 10 alasiri yanarudiwa yote isipokuwa mbio ndefu. Ni siku 6 kwa wiki, na Jumapili watu wanapumzika.

Kijana wa Arusha au Moshi akipata mwaliko wa kujiunga na kambi kama hiyo kwa miezi miwili, huwa anasema anakwenda kutafuta nguvu. Tunaomba abadili hesabu hiyo mapema. Ratiba ya namna hii inakula nguvu, na nafasi ya kujenga nyingine haipo. Mwili unaokosa usingizi wa kutosha, unaotoka jasho lita kadhaa kwa siku na kupiga mateke mia kadhaa, hauna akiba ya kuongeza misuli. Kule utanoa ufundi. Chuma chako ukinyanyue hapa, wiki 12 kabla ya ndege.

Anza na miguu, kwa sababu ndiyo inayovunjika kwanza

Kilomita 8 mara 6 ni kilomita 48 kwa wiki, na hapo hatujahesabu kamba. Anayekimbia kilomita 15 kwa wiki hapa nyumbani akarukia ghafla 48 kwa wiki, wiki ya pili ugoko unaanza kuuma kwa ndani. Akiendelea kulazimisha, mfupa unaweza kupata ufa. Moyo na mapafu hukomaa upesi, lakini mifupa na kano huchelewa, ndiyo maana mtu anajisikia ana pumzi tele wakati mguu umeshachoka.

Ukianza na kilomita 16 kwa wiki na kuongeza sehemu moja ya kumi kila wiki, wiki ya 11 utakuwa umekaribia 41. Hapo kambi haitakushtua. Mbio ziwe siku 4 au 5, nyingi zikiwa za taratibu, kasi ambayo unaweza kuongea na mwenzako bila kukatika. Siku moja kimbia mlima: sekunde 15 kwa nguvu zote, mara 8 hadi 10, na kila mara ushuke kwa kutembea. Barabara za kupanda Ilboru kwa Arusha, au Kibosho kwa Moshi, zinafaa sana. Ila usishuke mbio. Kushuka Kibosho kwa kasi kunachana misuli ya mapaja na kugonga magoti, na utakaa siku tatu huwezi kupiga teke lenye maana.

Kamba nayo ni mzigo kwenye vigimbi. Dakika 5 mwanzoni, ukipanda polepole hadi 15.

Vyuma, gunia na madumu

Jimu nyingi za mjini vijana wanajaza kifua na mikono. Kifua kilichokakamaa kinavuta mabega mbele, na ukiingia kwenye kukabana, shingo inainama yenyewe bila hata mpinzani kuvuta. Mpiganaji anahitaji mgongo, nyonga, misuli ya nyuma ya paja, shingo na viganja.

Wiki nane za mwanzo fanya nguvu siku 3, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni hadi usimame wima) seti 4 za mara 5, mapumziko dakika 3. Skwoti ya mguu mmoja, ule wa nyuma ukiwa juu ya benchi, seti 3 za mara 6 kila upande. Pulapu (kujivuta juu kwenye bomba) seti 4 za mara 5 hadi 8. Ukishazoea bomba, ning'iniza taulo mbili na ushike hizo, maana kukabana kunamaliza viganja kabla ya mikono. Kila seti iishe ukiwa na uwezo wa kurudia mara moja au mbili zaidi. Mgongo ukianza kupinda, seti imekwisha, hata kama namba haijatimia.

Kama huna jimu, dumu la lita 20 likijaa maji lina kilo 20 na ushee. Shika mawili, tembea mita 40 kifua kikiwa wima, rudia mara 4. Gunia la mchanga ni zuri zaidi kwa mpiganaji, kwa sababu linacheza mikononi kama mtu. Weka mchanga ndani ya mfuko wa plastiki mgumu, funga, uuingize kwenye gunia la pili, na ujaze robo tatu tu ili mchanga usogee. Mtu wa kilo 65 aanze na gunia la kilo 25. Likumbatie kifuani, tembea mita 30, pumzika dakika moja na nusu, mara 5. Hilo ndilo zoezi linalofanana zaidi na kukabana ukiwa peke yako.

Misuli ya ndani ya paja husahaulika mpaka ichanike kwa teke la juu. Lala ubavu, mguu wa juu uuweke kwenye benchi, inua nyonga na ushikilie sekunde 20, mara 3 kila upande. Na shingo: sukuma kichwa dhidi ya kiganja chako mbele, nyuma, kulia na kushoto, sekunde 8 kila upande, mizunguko 3, bila kichwa kusogea. Baada ya wiki 4 unaweza kuongeza kamba ya kichwani yenye kilo 2.5. Usianze na 10 kwa sababu umemwona bingwa anafanya hivyo.

Wiki 4 za mwisho punguza idadi, ongeza uzito: dedilifti seti 3 za mara 3. Weka na miruko, seti 5 za mara 3 juu ya boksi la sentimita 50, ukishuka kwa hatua badala ya kuruka chini. Kwa maoni yetu, mtu wa kilo 65 anayeinua kilo 100 mara 5 kwa mgongo ulionyooka, na kuvuta pulapu 10 safi, amefika pazuri. Zaidi ya hapo muda wake autumie kwenye padi.

Kuhusu ugoko: kuupiga kwa chupa au fimbo ili uwe mgumu ni kujiumiza bure. Begi zito linatosha. Raundi 3 za mateke mara 3 kwa wiki, ukiongeza raundi moja kila baada ya wiki mbili, mfupa wenyewe utajikaza.

Joto

Wapo wanaoamini kwamba mtu wa Arusha, kwa kuwa anaishi mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, akishuka Bangkok atakuwa na pumzi za ziada. Faida hiyo usiitegemee. Mwinuko huo si mkubwa, na joto la kule lenye unyevu linakula zaidi ya unachobeba. Moyo unalazimika kupeleka damu kwenye misuli na papo hapo kwenye ngozi ili mwili upoe, hivyo mbio zilezile zinakuwa nzito. Jasho nalo halikauki, linadondoka tu, na jasho lisilokauka halipoozi mwili.

Mwili huzoea joto kwa siku 10 hadi 14 za mazoezi ya saa moja hivi kila siku ndani ya joto lenyewe. Maji ya damu yanaongezeka, jasho linaanza mapema, na chumvi inayopotea inapungua. Mazoea hayo hupotea ndani ya wiki chache, kwa hiyo yafanye wiki mbili za mwisho. Januari na Februari, mtu wa Arusha ana sababu nzuri ya kuhamia Moshi kwa siku hizo na kukimbia saa 8 mchana kwenye tambarare za kuelekea TPC, kwenye mashamba ya miwa, taratibu, akiwa na mwenzake. Juni na Julai Arusha ni baridi, vaa sweta na suruali nzito kwenye mbio za taratibu. Kizunguzungu, vipele vya baridi wakati jua linawaka, au kuanza kuongea ovyo: acha hapo hapo, kaa kivulini, mwagia mwili maji.

Jipime uzito kabla na baada ya zoezi. Kilo moja iliyopungua ni karibu lita moja ya jasho, nawe rudisha lita moja na robo hadi moja na nusu, kidogo kidogo. Maji matupu mengi bila chumvi ni hatari kama kutokunywa. Mchanganyiko rahisi ni lita moja ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Na kabla ya yote hayo, pima selimundu, ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu. Mwenye kuirithi kwa mzazi mmoja tu anaishi vizuri bila dalili, lakini mazoezi makali ya ghafla kwenye joto yanaweza kumwangusha. Hazuiwi kufanya mazoezi. Anachotakiwa ni kupanda taratibu zaidi, na kocha ajue.

Ukishafika

Thailand iko mbele yetu saa 4. Mbio za saa 11 na nusu alfajiri kwa mwili wako ni saa 7 na nusu usiku. Wiki ya kuondoka anza kulala na kuamka mapema zaidi kila siku, na ukifika, siku 4 za kwanza fanya zoezi moja tu kwa siku. Mpaka wiki ya pili iishe, nusu ya mzigo wa wenzako inatosha. Mweleze kru, yaani mwalimu, mapema na kwa heshima kwamba umetoka safari na unazoea joto. Wanaoharibikiwa ni wale wanaotaka kuonekana siku ya kwanza. Misuli ikivimba na kuuma kupita kawaida, na mkojo ukawa wa rangi ya chai ya rangi, huo si uchovu. Misuli inavunjika na kuziba figo. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Vyuma usiviache kabisa. Mara 2 kwa wiki, dakika 30 baada ya zoezi la jioni: dedilifti seti 3 za mara 3, pulapu seti 3, shingo. Uzito ubaki uleule, idadi ndiyo ipungue, na nguvu uliyokuja nayo itakaa. Ukiona padi zako zinazidi kuwa nzito wiki nzima, toa kikao kimoja cha vyuma.

Kula protini gramu 1.6 hadi 2 kwa kila kilo ya mwili, kila siku. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo mayai peke yake hayatafika. Wali upo wa kutosha, ongeza kuku na samaki.

Oga mara tu baada ya kukabana, kwa sabuni, na taulo lako usimwazime mtu. Choa na majipu huenea kwenye mikeka haraka, na jipu moja linaweza kukuweka nje wiki mbili. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Na homa yoyote ikikupata mwezi wako wa kwanza kule, mwambie daktari kabla hajauliza kwamba umetoka Tanzania, uombe kipimo cha malaria. Kule mjini hawaioni mara kwa mara, na wanaweza kukuandikia dawa ya mafua ukarudi kulala.