Nimepewa jero feki, nikiipitisha kwa mwingine nina dhambi?

SWALI: Asalaam aleikum sheikh. Mimi ni konda wa daladala ya Mbagala. Juzi alfajiri kwenye giza nilipewa jero feki (sarafu ya shilingi 500), jioni kwenye hesabu dereva akaikataa akanikata, na hii ni mara ya tatu mwezi huu. Kesho yake nikaichanganya kwenye chenji nikampa bibi mmoja mwenye kapu la mihogo, akaifunga kwenye ncha ya kanga bila hata kuiangalia. Tangu hapo sina raha. Kuna ustadhi hapa kituoni anasema haina neno, mwenye dhambi ni aliyeitengeneza, mimi nimeihamisha tu hasara, na kama roho inanisuta basi zinazofuata niwe natumbukiza kwenye sanduku la msikiti. Ni sawa?

JAWABU: Waalaikum salaam warahmatullah kijana wangu. Swali lako nimelala nalo, na kilichoninyima usingizi ni hiyo ncha ya kanga.

Haijuzu. Ulipoipokea bila kujua hukuwa na kosa lolote, ila ulipoijua hukumu ikabadilika palepale, na kumpa bibi ni ghushi, ni kula mali yake kwa batili. Hilo naamini ulishalijua ndo maana huna raha, kwahiyo ngoja niongee na huyo ustadhi wako maana maneno yake nayasikia sana siku hizi na yanaharibu watu.

Yeye anashika aya "wala mbebaji hatabeba mzigo wa mwingine". Aya ni haki, kaiweka pasipo pake. Mtengenezaji ana mzigo wake sawa, lakini ulipoingiza mkono mfukoni ukaichagua ile ile ukaificha katikati ya mia mia, mtengenezaji alikuwepo? Huo mkono ni wa nani? Na hadithi anayoijua hata mtoto wa madrasa, Mtume (s.a.w) alipita sokoni akatia mkono kwenye rundo la chakula, vidole vikakuta unyevu, akamuuliza mwenyewe ni nini hiki, akasema imenyeshewa na mvua. Tizama hapo, ni mvua, siyo yeye aliyelowesha! Huo ndo utetezi wenu nyie, kwamba ubovu umeanzia kwa mwingine. Mtume hakumwambia basi huna kosa, alimwambia kwanini usiiweke juu watu waione, mwenye kughushi si katika mimi. Kosa halikuwa kulowesha, kosa lilikuwa kuficha.

Imam Ghazali kwenye kitabu chake cha Ihyaa, mlango wa uchumi, amelizungumza hili hili la pesa bandia na amenukuu kauli ya mmoja wa wema waliotangulia, kuwa kutoa dirham moja ya bandia ni vibaya kuliko kuiba dirham 100, kwasababu wizi ni dhambi moja imetendeka imeisha, ila bandia inaendelea kuzunguka na wewe ushazikwa. Akaongeza kuwa hata ukimwambia mtu wazi hii ni feki na yeye akaichukua ili akampige mwingine, bado hujasalimika. Rai yake ni uitupe kisimani. Na msidhani ni mambo ya zamani, Uingereza paundi moja ya duara ilighushiwa mpaka ikakadiriwa moja katika kila 30 ni feki, mwaka 2017 wakaitoa kabisa kwenye mzunguko wakaleta ya pembe 12. Zote hizo zilipita mkono kwa mkono kama ulivyoipitisha wewe.

Hilo la sanduku la msikiti ndo limenikera kabisa wallahi. Suratul Baqara aya ya 267 Allah anakataza tusikusudie kibaya tukakitoa ilhali wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Sisi Ijumaa tukimwaga sanduku kwenye mkeka tunakuta feki, tunakuta na washa za bati, na hela hiyo ndo ya sanda ya maskini. Unamtolea Mungu kitu ambacho dereva wako amekikataa?

Sasa wewe. Bibi mtafute, mama wa mihogo hapotei, saa ile ile atapanda tena. Mwambie bibi shikamoo, juzi kwenye chenji yako niliweka jero mbovu, hii hapa nzima, nisamehe. Akija nayo ile feki ichukue usimwachie. Ukikosa kabisa kumpata itoe sadaka kwa niaba yake, na siku ukimwona mlipe.

Na jifunze kuijua, Ghazali anasema ni wajibu kwa mfanyabiashara. Jero yetu hii iliyotoka mwaka 2014 ina Mzee Karume mbele, nyuma nyati, na upande wa nyati kuna alama ukiigeuzageuza kwenye mwanga inatokea 500, ukiinamisha tena inasoma BOT, yaani Benki Kuu. Feki inakaa bubu. Halali ni ya chuma iliyopakwa nikeli kwahiyo sumaku inaivuta, nunua kisumaku kidogo funga kwenye ufunguo, isiponasa irudishe kwa abiria palepale kwa upole, labda na yeye kapigwa. Ikinasa bado angalia hiyo alama. Ila usiwakatalie watu sarafu halali eti imechakaa, hiyo nayo ni dhulma. Ikishakubakia mkononi ipeleke benki au polisi, hawatakurudishia kitu najua, na inauma, jero ni jasho lako.

Ndo maana dereva nae ana lake. Konda ni mtu wa amana, na wakala asiyezembea halipi hasara. Feki iliyopita gizani ikatwe kwenye fungu lenu kabla hamjagawana, siyo kwenye posho yako peke yako. Mwambie hivyo, akigoma njoo nae baada ya isha tukae watatu, nitaongea nae mimi.