Kliniki ya mwaloni ifuate mbalamwezi

SWALI: Mwalo wetu, yaani kambi yetu ya uvuvi, uko kisiwani, Buchosa, Ziwa Victoria. Zahanati ya kijiji iko ng'ambo, mwendo wa saa moja na nusu kwa mtumbwi wa mashine. Tumeiandikia halmashauri barua mbili tukiomba kliniki ya mama na mtoto ije kwetu, kimya. Tufanyeje?
Mjumbe wa serikali ya kijiji

JIBU: Ndugu mjumbe, barua haina kasma, yaani fungu la bajeti. Fedha za mfuko wa pamoja wa afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, na mganga mfawidhi, mkuu wa zahanati, hawezi kulipia kitu kisichomo kwenye mpango wa kituo. Anzeni basi na kamati ya usimamizi ya zahanati, ambamo wanakijiji wenzenu ni wajumbe. Ombi lipite mkutano mkuu wa kijiji, muhtasari uambatane na mahudhurio yenye sahihi, na umfikie katibu wa kamati kabla ya Novemba. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini anayeomba Mei amekuta bajeti imefungwa.

Ombeni huduma ya mkoba, yaani wahudumu waifuate jamii ilipo, safari 12 kwa mwaka. Wengi hubana matumizi wakaandika safari 4, moja kila robo, na hapo watoto ndio wanaoumia. Mtoto huchanjwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Kwa safari za robo, hata akibahatika kuanza wiki ya 6, dozi ya tatu ataipata akiwa na miezi saba na nusu.

Tarehe nazo msiziweke "Jumatatu ya kwanza ya mwezi". Siku za giza wavuvi wa dagaa, wanaovua kwa taa, wako ziwani usiku kucha, mchana wamelala, na akina mama wako mchangani wanaanika dagaa. Mbalamwezi ikishika, taa huzimwa na watu hupumzika. Chagueni siku mbili za mwanzo za mapumziko hayo, kabla wengine hawajaondoka kwenda makwao. Mwezi mpevu hurudi baada ya siku 29 au 30, na dozi hizo zinataka pengo la wiki 4 au zaidi, kwa hiyo ratiba ya ziwa na ya chanjo zinakubaliana.

Kwenye gharama andikeni petroli, oili, nahodha, posho za watoa huduma wawili na jaketi okozi. Kama safari moja inakula lita 30, ombeni lita 420, si 360: hizo 60 ni za safari mbili zitakazorudishwa na upepo. Bila akiba hiyo, safari mbili za mwisho boti haitoki.

Siku moja kabla, mhudumu wa afya ngazi ya jamii apeleke zahanati orodha ya watoto. Chanjo ya surua ikishachanganywa hudumu saa 6 tu, na muuguzi husita kufungua kichupa cha dozi nyingi kwa ajili ya mtoto mmoja. Pakiti za barafu zisitoke kwenye friza na kuingia moja kwa moja kwenye kibebeo cha chanjo. Zingojwe mpaka ukizitikisa usikie maji, maana chanjo za sindano za wiki ya 6 zikiganda zimeharibika.

Ombeni pia praziquantel. Ugawaji wa dawa za kichocho umelenga sana wanafunzi, huku wavuvi wakishinda majini. Dozi ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mtu wa kilo 60 humeza vidonge 4 vya miligramu 600, akiwa ameshakula. Watu wazima 200 wanahitaji takriban vidonge 800, na idadi hiyo iingie kwenye maoteo, yaani makadirio ya mahitaji, ya dawa ya zahanati mapema.