Noti zikivutwa zote kwenye gridi, wimbo hukauka

Ndugu wa Bukavu,

Umeeleza kwamba ulirekodi kinanda cha kwaya yenu kwa MIDI, yaani mfumo unaohifadhi noti zilizopigwa badala ya sauti yenyewe, ukazivuta noti zote kwenye mistari ya gridi ili zilingane na mapigo, na sasa wimbo unasikika mkavu, huku noti nyingine zikiwa zimehamia mahali zisipostahili. Tengua kwanza hatua hiyo, kisha utunze nakala ya rekodi ya asili.

Nadhani kosa kubwa limo katika gridi yenyewe. Nyimbo nyingi za kwaya zetu huligawa pigo mara tatu. Ukichagua gridi inayoligawa mara nne, programu husogeza kila noti hadi kwenye mstari ulio karibu, ambao mara nyingi si wake. Chagua gridi ya utatu, wala usivute kwa asilimia 100, yaani hadi noti ikae kwenye mstari kabisa: mimi huanzia 50 au 60, tena kwa zile noti tu zinazokera sikio.

Velositi, yaani nguvu ya mguso, hupimwa kuanzia 1 hadi 127. Tafadhali usizilinganishe zote, kwa sababu mkono wa mpigaji husikika humo hasa. Punguza kidogo noti za kati za kodi (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja), na uiache ya juu ibebe wimbo.

Sauti zikiendelea kuvuma hata baada ya kufupisha noti, kagua pedali ya kudumisha sauti, ambayo katika MIDI ni ujumbe namba 64 na huhaririwa kando ya noti. Na kwa kuwa umeme wetu hukatika bila taarifa, hifadhi kazi kila baada ya hatua.