Re: Kumsindikiza mama hadi geti la ndege

Ndugu, umeuliza kama Marekani utaruhusiwa kumfikisha mama getini wakati wewe si abiria. Inawezekana. Nenda na kitambulisho kaunta ya shirika lake la ndege, uombe pasi ya msindikizaji. Hupewa hasa wanaosindikiza watoto wanaosafiri peke yao au watu wasiojiweza, na wanaweza kukataa. Utakaguliwa kama abiria, kwa hiyo chupa ya maji iache garini.

Kabla ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 yeyote alipita hadi getini. Uwanja wa ndege wa Pittsburgh, huko huko Marekani, ulirudisha ruhusa hiyo mwaka 2017, jina likihakikiwa kwanza. Kwangu mimi, anayempeleka mzee asiyejua Kiingereza angepewa haki hiyo kila uwanja. Mama yangu nilimwacha kwenye ukaguzi, kashika tiketi kwa mikono miwili, anakodolea ubao asioweza kuusoma.