Barua pepe iliyo kwenye PIN yako ni ya nani?

Nilipopata kazi ya ualimu mwaka 2015, niliambiwa nilete PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi inayotolewa na Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Nikaingia saiba moja, duka la intaneti, karibu na steji, nikampa kijana kitambulisho, akaniuliza barua pepe yangu. Sikuwa nayo. "Hakuna shida mwalimu, tutatumia ya hapa." Baada ya dakika kumi nilitoka na cheti changu mkononi, nimefurahi.

Kila mwaka nilirudi palepale kujaza ritani, ile taarifa ya mapato na kodi, wiki ya mwisho ya Juni, foleni imefika mlangoni, nenosiri langu limeandikwa kwenye daftari lao. Juni 2022 nenosiri likakataa. Nikaomba jipya, nikaambiwa limetumwa kwenye barua pepe iliyosajiliwa. Ile ya saiba. Na saiba ilikuwa imeshauzwa, kompyuta na vyote vilivyokuwemo.

Nikaenda Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali. Afisa alifungua akaunti yangu, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Biashara yako ni ya nini?" Sina biashara. Kumbe kuna mtu aliyenisajili kwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani inayotozwa kwenye mauzo. Ritani ya VAT hujazwa kila mwezi, kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na faini ya kuchelewa ni shilingi 10,000 au asilimia 5 ya kodi, kutegemea ipi ni kubwa. Ilikuwa imepita miezi saba. Nilikuwa nadaiwa 70,000 kwa bidhaa ambazo sijawahi kuziona. Nilienda polisi nikaandikisha OB, yaani kwenye kitabu chao cha matukio, nikapewa abstrakti ya kuthibitisha, nikaandika barua ya kupinga, nikafuatilia kwa miezi minne hadi deni likafutwa. Hadi leo sijui aliyefanya hivyo ni nani.

Wengi huificha namba ya PIN kana kwamba ndiyo siri. Mwajiri anayo, na duka hukuomba ili iandikwe kwenye risiti. Ya kulinda ni barua pepe, kwa sababu anayeimiliki anaweza kuomba nenosiri jipya usiku wa manane na wewe umelala. Kwa hiyo ingia iTax, tovuti ya KRA ya kodi, leo, utazame wasifu wako. Ukikuta barua pepe ya saiba, ya binamu, au ya mpenzi mliyeachana, ibadilishe kabla hujajaza chochote. Ukishindwa kuingia, nenda Huduma Centre mwenyewe na kitambulisho halisi. Usimtume mtu.

Nenosiri liandike kwa vidole vyako hata kama unasaidiwa. Mhudumu mzuri atageuza uso bila kuambiwa. Ukimaliza, toka kwenye akaunti, kisha ufute P9 (fomu ya mwajiri inayoonyesha mshahara na kodi uliyokatwa) na picha ya kitambulisho kwenye kompyuta ile, hadi kwenye pipa la taka. Na ule mtindo wa kutuma kitambulisho kwa WhatsApp ya saiba ili kichapishwe, tafadhali tuuache. Picha ile hubaki kwenye simu ya mtu usiyemjua.

Nina uchungu zaidi na vijana wanaotafuta kazi. Tangazo linaomba kitambulisho mbele na nyuma, PIN, cheti cha tabia njema, hata kabla ya mahojiano, na hujui ofisi iko wapi. Usitume. Mwajiri wa kweli atavipata siku ya kukuajiri.

Mwezi wa Juni pia huja ujumbe kwamba umerudishiwa kodi, bonyeza hapa. Usibonyeze, fungua iTax mwenyewe uangalie. Kama una laini ya Safaricom, piga *106# uone laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Siku hizi mimi hujaza ritani mara tu mwajiri anaponipa P9, siyo Juni. Kisha kila mwanzo wa mwezi huingia kwenye akaunti, hata kama sina la kufanya, nikaangalia kama kuna wajibu mpya wa kodi niliosajiliwa au deni. Lile la VAT ningeliona mwezi wa kwanza, kabla halijafika 20,000.